Taa Inayosubiri Resi



Simama usiku pale barabara ya Sumbawanga inapoingia Mpanda mjini, uangalie pikipiki zinazokuja. Iko yenye mwanga uliotulia, haubadiliki dereva akikimbia wala akisimama. Na iko ile ambayo mwanga wake unapanda na kushuka pamoja na mlio wa injini. Dereva akifika kwenye tuta na kuachia mafuta, taa inakuwa nyekundu, karibu izimike. Akivuta resi, inawaka. Akisimama kumshusha abiria inafifia tena, na abiria anatafuta nauli mfukoni kwa mwanga wa simu.

Hiyo ya pili tunaisema sana. "Betri limekufa hilo." "Fundi kakuharibia waya." Mimi jioni hii nimekuja kuitetea, ingawa si kwa kila jambo. Mara nyingi pikipiki hiyo ni nzima kabisa. Taa yake haikuunganishwa na betri tangu kiwandani. Inakula moja kwa moja kwenye injini, na injini ikitulia, taa nayo inapungukiwa.

Tuanzie ndani. Ukifungua kifuniko cha ubavuni mwa injini, kwa pikipiki nyingi ndogo ni upande wa kushoto, utakuta chungu kizito cha chuma kimefungwa kwenye ncha ya krenki. Mafundi wanakiita magneto. Kwenye kuta zake za ndani zimebandikwa sumaku. Katikati yake, bila kugusana nacho, kuna koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi kwenye vipande vya chuma. Koili hazizunguki. Kinachozunguka ni chungu. Injini ikiwaka, sumaku zinapita mbele ya koili, kaskazini, kusini, kaskazini, kusini, na kila zinapopita zinausukuma umeme ndani ya waya, mara huku, mara kule. Huo ndio umeme wa kwenda na kurudi, ambao mafundi wanauita AC. Umeme wa betri wenyewe unakwenda njia moja tu, nao wanauita DC.

Aliyeonyesha jambo hili alikuwa Mwingereza Michael Faraday, mtu aliyeanza maisha kwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu. Mwaka 1831 aliona kwamba sumaku ikitulia kando ya waya hakuna kinachotokea. Lazima isogee. Na kadiri inavyosogea kwa kasi, ndivyo nguvu ya umeme inavyoongezeka. Basi msikilizaji, siri yote ya ile taa inayofifia kwenye tuta imo humo. Injini ikizunguka polepole, sumaku zinapita polepole, na volti zinashuka.

Wazee wanaonisikiliza, walioendesha Raleigh au Phoenix yenye dainamo ya kusuguana na tairi, hawahitaji kuelezwa zaidi. Dainamo ile ilitoa volti 6 na wati 3 kwa taa zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Ukikanyaga kwa nguvu unaona barabara. Ukifika mlimani ukashuka kusukuma, giza. Pikipiki ndogo ya zamani ni ndugu wa damu wa baiskeli ile, ila miguu imebadilishwa kwa petroli.

Sasa, betri la nini basi? Limo kwa ajili ya kazi ndogondogo: honi, indiketa, taa ya breki, na ile taa ya kijani inayoonyesha gia imetoka. Koili moja inachaji betri, nyingine inawasha taa ya mbele na ya nyuma, na nyingine tena inalisha cheche ya plagi. Kwa hiyo ukitaka kujua pikipiki yako ni ya namna gani, huna haja ya kufungua kitu. Washa ufunguo bila kuwasha injini. Bonyeza honi, piga indiketa, kisha washa taa kubwa. Honi ikilia, indiketa zikiwaka, na taa kubwa ikabaki giza mpaka upige kiki, basi taa yako ni ya AC. Usiende kununua betri.

Yote hayo ni mepesi. Panapotaka akili ni kwenye balbu yenyewe. Balbu ya uzi, msikilizaji, haina msamaha. Ukiipunguzia volti kwa nusu, usidhani itatoa nusu ya mwanga. Inatoa kama sehemu moja ya kumi tu, na tena mwanga mwekundu usiofika mbali. Ukiizidishia volti kidogo, asilimia tano tu, umri wake unakatika karibu nusu. Ina njia nyembamba ya kupita. Huku nyuma yake kuna magneto ambayo inaweza kutoa volti chache injini ikitulia, na volti nyingi kupita kiasi injini ikipiga kelele. Unawezaje kuviunganisha vitu viwili kama hivyo bila balbu kuungua kila siku?

Waliobuni pikipiki za volti 6 walitumia ujanja ambao mimi nauheshimu mpaka leo. Hawakuweka kifaa chochote cha kuzuia volti. Waliiachia koili ijizuie yenyewe. Koili ina tabia ya kuukataa umeme unaobadilika haraka. Injini inapokimbia, sumaku zinausukuma umeme kwa nguvu zaidi, lakini hapohapo umeme unageuka mara nyingi zaidi kwa sekunde, na koili inaupinga zaidi. Nguvu na pingamizi vinapanda pamoja. Matokeo yake ni kwamba umeme unaotoka, ukishavuka mwendo fulani, haupandi sana tena. Kilichobaki ni kuchagua balbu zinazolingana na umeme huo. Si kubwa zaidi, si ndogo zaidi. Ile namba ya wati iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki ni kipande cha mtambo, sawa na pistoni.

Na hapo ndipo balaa la pikipiki hizo lilipozaliwa. Taa ya mbele na ya nyuma zinagawana chakula kimoja. Barabara zetu za vumbi zina mawimbi, pikipiki inatetemeka, na balbu ndogo ya nyuma inakata uzi. Hakuna anayeiona, maana iko mgongoni. Sehemu yake ya umeme inahamia mbele, na taa ya mbele inakuwa nzuri ghafla, nyeupe kuliko jana. Dereva anafurahi. Siku chache baadaye nayo inaungua, saa tatu usiku, katikati ya pori. Au inaanza kinyume chake: ya mbele inakatika kwanza, umeme wote unaikimbilia ile ndogo ya nyuma, na inakufa hapohapo. Dereva anabaki gizani na balbu mbili zilizoungua kwa sababu moja, halafu anasema zilikuwa feki.

Kuna hata balaa la swichi. Unapotoka fulu kwenda dimu, swichi nzuri inaishika dimu kabla ya kuiachia fulu, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde zote mbili zinawaka. Imefanywa hivyo makusudi. Swichi ikichakaa, au ukiweka ya bei rahisi isiyojua adabu hiyo, katikati ya safari ya kidole panakuwa na pengo ambapo hakuna taa ya mbele inayokula. Pengo hilo ni dogo, lakini balbu ya nyuma inaupokea umeme wote. Dereva anapunguza mwanga kwa heshima ya anayekuja mbele yake, na heshima hiyo inamuulia taa ya nyuma.

Na kuhusu wati za balbu, kuna mazungumzo ambayo yeyote aliyekaa karibu na kibanda cha spea ameyasikia.

"Fundi, niwekee balbu ya wati kubwa, hii haioni."

"Kaka, koili ni ileile."

"Wewe niwekee tu, mimi ndiye ninayelipa."

Anawekewa. Usiku anagundua kwamba balbu kubwa inatoa mwanga mdogo kuliko ile ya kwanza. Anarudi kugombana. Lakini fundi alimwambia ukweli. Koili inatoa kiasi chake, haijali balbu imeandikwa nini. Ukiipa balbu ya wati 60 mahali pa 35, uzi ule mnene haupati joto la kutosha, unaishia kuwa wa njano. Wati zilizoandikwa kwenye balbu ni njaa yake. Chakula ni kile cha koili.

Sasa tuje kwenye pikipiki ambazo vijana wa leo wanaziita za zamani, maana za volti 6 wengi wao hawajazigusa. Honda Super Cub ilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1958 ilikuwa ya volti 6, na kwa miaka zaidi ya ishirini ndugu zake wadogo wakaendelea hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Honda wakaanza kuzihamisha kwenda volti 12. Katikati hapo, mwaka 1976, walikuwa wameitoa CG125, pikipiki iliyofikiriwa kwa ajili ya nchi ambako oili hubadilishwa mtu akikumbuka, na cheni hukazwa ikishaanza kupiga kelele. Injini yake ya fimbo, isiyo na mnyororo wa taimingi, ilikuwa ngumu kufa. Viwanda vya China vikaichukua, vikaizalisha kwa majina mengi, na ndizo tulizozipokea hapa: SanLG, T-Better, Toyo, Kinglion na nyinginezo. Hizo ndizo zilizotandaza bodaboda nchi nzima, hadi serikali ikaweka kanuni za leseni za usafirishaji wa pikipiki na bajaji mwaka 2010.

Kwenye hizo, taa kubwa nyingi bado zinakula AC, ila kuna mlinzi. Ni kile kidude chenye mapezi ya alumini, rektifaya, chenye waya nne. Kwenye mpangilio wa Honda na zilizoiga Honda, njano ni ya taa, nyeupe ni ya kuchaji, nyekundu inakwenda betri, kijani ni bodi. Rektifaya inafanya kazi mbili. Kwa betri, inachuja umeme wa kwenda na kurudi na kuruhusu upande mmoja tu upite. Kwa taa, inasubiri. Volti zikipanda kupita kiasi inazishusha chini kwenye bodi, zinapotea kama joto, ndiyo maana ina mapezi. Kwa hiyo mlinzi huyu anajua kukata kilichozidi. Kilichopungua hawezi kukiongeza. Ndiyo sababu hata SanLG mpya, au Boxer ya miaka iliyopita yenye balbu ya wati 35, inafifia injini ikitulia, lakini haiunguzi balbu hovyo kama zile za volti 6.

Utaniuliza, mbona viwanda viliendelea na mpango huu wakati betri lipo pale chini ya kiti? Bei ni sababu, sikatai. Koili ndogo na betri dogo ni nafuu. Lakini kuna sababu nyingine ambayo sisi wa Katavi tunapaswa kuielewa kuliko watu wa Tokyo.

Pikipiki ya aina hii haihitaji betri ili iende. Cheche ya plagi inatoka kwenye koili yake yenyewe, iwe ni ya platini kama zile za kale au ya CDI, yaani kidude cha kielektroniki cha cheche, inayokula AC. Betri likifa, likiibiwa, likikauka maji, unapiga kiki na injini inawaka. Na ikiwaka, taa inawaka. Mtu yuko Mishamo, au Karema kando ya ziwa, duka la betri liko mbali, na betri lenyewe limekufa kwa sababu mtu aliliongezea maji ya kisima badala ya maji ya betri. Angekuwa na pikipiki inayotegemea betri kwa kila kitu, angelala hapo. Kwa hii atafika nyumbani, bila honi na bila indiketa, lakini anaona njia. Taa inayofifia ndiyo bei aliyolipa ili isizimike kabisa. Mimi naona ni biashara ya haki.

Na mji wetu wenyewe umeishi hivyohivyo. Mpanda ilikua kwa sababu ya mgodi wa risasi, na reli ya kutoka Kaliua ikaletwa kwa ajili yake, ikafika mwaka 1950. Mgodi ukafungwa, mji ukabaki, mbali na kila kitu. Kwa miaka mingi, hata baada ya Katavi kutengwa na Rukwa na kuwa mkoa mwaka 2012, umeme wa Mpanda ulitoka kwenye majenereta ya dizeli ya hapahapa, nje ya gridi ya taifa. Injini ikinguruma, mnaona. Injini ikipungua, mgao. Aliyekaa Kashaulili au Makanyagio miaka ile hawezi kuicheka taa ya SanLG.

Ila nilisema siitetei kwa kila jambo. Tuliweke jambo la hatari wazi.

Barabara ya kutoka Mpanda kwenda Sumbawanga inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974. Pale Sitalike, mto Katuma una viboko, na viboko hutoka majini usiku kwenda kula majani. Kiboko ana rangi ya giza, harudishi mwanga, wala hana haraka ya kukupisha. Tuseme unakwenda kilomita 60 kwa saa, na taa yako inaonyesha mita 25. Kwa mwendo huo unapita karibu mita 17 kila sekunde. Macho yaone, akili ikubali, mkono ushike breki, sekunde moja imekwisha. Zimebaki mita nane za kusimama na abiria nyuma na gunia la mpunga juu ya tangi. Haziwezekani. Kwa kilomita 30 kwa saa, sekunde hiyohiyo inakula mita nane na kidogo, na unabaki na nafasi ya kufanya kitu. Kwa hiyo mwendo wa usiku unapangwa na taa, si na mafuta yaliyomo. Taa ya AC inakwenda kinyume kidogo na akili hiyo, maana inamlipa mwanga anayevuta resi. Inamshawishi dereva aongeze mwendo ili aone.

Madereva wazoefu walishapata dawa, na dawa yenyewe ni gia. Mwanga unafuata mzunguko wa injini, haufuati mwendo wa tairi. Kilomita 30 kwa gia ya nne, injini inavuta miguu na taa ni hafifu. Kilomita 30 hizohizo kwa gia ya pili, injini inazunguka haraka na taa inang'aa. Unatumia mafuta zaidi, ndiyo. Lakini unaona.

Na kuna tabia moja ningependa iishe. Mpanda iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika liko kama mita 770. Kwa hiyo ukienda Karema au Ikola, kuna mahali utateremka. Wengi wanapofika kwenye mteremko wanatoa gia, wanaachia pikipiki ijiendee yenyewe, eti wanaokoa petroli. Mchana ni ujinga mdogo. Usiku, kwa taa ya AC, ni ujinga mkubwa mara tatu: injini imetulia, kwa hiyo taa imekufa, injini haikusaidii kuzuia mwendo, kwa hiyo breki zinafanya kazi peke yake, na mwendo unapanda kadiri mwanga unavyoshuka. Weka gia ya pili. Injini itanguruma, itakushikilia, na ngurumo hiyohiyo itakuwashia taa.

Sasa niwajibu vijana wa LED, maana ujumbe wao ndio unaokuja kwa wingi. "Kaka mtangazaji, nimeweka LED, inachezacheza, nifanyeje?" Ndugu yangu, LED ni dayodi. Inapitisha umeme upande mmoja tu. Ukiilisha AC, nusu ya muda imezimika. Injini ikikimbia huoni, maana inazima na kuwaka haraka kuliko jicho. Injini ikitulia, unaiona inachezacheza. Haijaharibika. Umeilisha chakula kisicho chake.

Hapo fundi wa haraka anakata waya wa njano unaotoka kwenye koili, anachukua moto kutoka kwenye betri, anaupeleka kwenye swichi ya taa. Taa inatulia, inawaka hata injini ikizimwa, mteja anashangilia. Ikiwa ni LED ndogo, inaweza kwenda. Lakini wengine wanafanya hivyo na balbu ileile ya wati 35. Wati 35 kwa volti 12 ni karibu ampia tatu. Betri la pikipiki nyingi za namna hii ni la ampia-saa tano, kwa nyingine saba. La ampia tano, hata likiwa limejaa, haliwezi kuilisha balbu hiyo kwa saa mbili peke yake. Na linachajiwa na nini? Na ile koili iliyopangwa kwa ajili ya honi na indiketa, tena kwa nusu ya wimbi, nusu nyingine haitumiki. Ongeza spika ya muziki, taa za buluu za urembo na simu ya abiria inayochajiwa. Kijana anafanya safari fupi za stendi hadi Kawajense, stendi hadi Nsemulwa, anasimama, anapiga kiki, anasimama. Kila safari betri linapoteza zaidi ya linachopata.

Dalili zinakuja kwa mpangilio. Honi inaanza kukoroma. Indiketa zinapepesa kwa uvivu, au zinawaka na kuganda. Kisha taa yenyewe. Na kama pikipiki yake ni ya zile ambazo CDI inakula betri, injini inaanza kukatakata na kuzima. Mtu aliyekuwa na pikipiki isiyohitaji betri kwenda, au iliyokuwa na taa isiyohitaji betri kuwaka, amejitengenezea yenye kutegemea kitu kimoja ambacho ni kidogo.

Njia nzuri ipo, na mafundi wanaoijua wapo, ingawa si wengi. Unafungua magneto, unatafuta ncha ya koili ya taa iliyolehemiwa kwenye chuma, yaani bodi. Unaiinua ile ncha, unailehemea waya wake yenyewe, unautoa nje. Sasa koili ina ncha mbili huru. Zote mbili zinakwenda kwenye rektifaya ya wimbi zima, ile inayotumia umeme wa kwenda na wa kurudi pia. Kila kitu kinachotumia umeme kinahamia kwenye betri, na hakuna kinachobaki kwenye AC. Ukiacha kimoja upande wa zamani unaleta shoti. Halafu unaweka LED yenye wati za kweli, si zile za kwenye boksi. Pima kwa mita: ikivuta ampia moja, hiyo ni wati 12 au zaidi kidogo, na koili itaimudu huku ikibakiza chaji. Kazi hiyo inataka mkono uliotulia na lehemu nzuri, maana ndani mle mna joto la injini na mtetemo, kwingine mna oili. Lehemu mbaya itaachia baada ya masika moja.

Na kabla ya yote hayo, msikilizaji, safisha bodi. Nimeona watu wanabadilisha rektifaya, koili, balbu, kumbe waya wa kijani umefungwa juu ya kutu na rangi. Volti mbili zikipotelea kwenye kutu, zimetoka kwenye volti zako 12. Kumbuka lile nililosema kuhusu uzi wa balbu: huko si kupoteza mwanga kidogo, umepoteza karibu nusu. Msasa wa bei ndogo ungemaliza kazi.

Halafu elekeza taa. LED ya leo ni kali, na wengi wanaifunga ikitazama mitini. Kiangazi, kwa vumbi letu la Agosti, mwanga mweupe unaokwenda juu unarudi machoni mwako mwenyewe. Anayekuja mbele yako unampofusha. Weka pikipiki mbele ya ukuta jioni, upande wewe na abiria, maana abiria akikaa nyuma springi zinazama na pua ya pikipiki inainuka. Mwanga wa dimu upige chini ya usawa wa taa yenyewe, si juu yake. Ukiipima ikiwa tupu, umepima pikipiki ambayo haifanyi biashara.

Nimalizie na abiria, kwa kuwa madereva nimewachosha. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka taa mbele na nyuma usiku, lakini askari hayupo kila mahali, na wewe uko hapo. Usipime kwa kumwambia dereva akanyage breki. Kwenye pikipiki hizi balbu ya nyuma ina nyuzi mbili: uzi wa breki unakula betri, uzi wa taa ya kawaida unakula injini. Mmoja unaweza kuwaka wakati mwenzake alikufa wiki iliyopita. Mwambie dereva awashe taa, aachie breki, apige resi kidogo. Wewe zunguka nyuma uangalie. Pakiwa giza, lori linalotoka nyuma yenu kwenye barabara ya Inyonga halitawaona, hata kama dereva wako anaona mbele vizuri kabisa. Na akikuambia balbu ni jukumu la mwenye chombo, kwamba yeye yuko kwenye mkataba na analeta hesabu tu, mwambie mwenye chombo hapandi naye usiku huu. Wewe ndiye unayepanda.